Jukwaa Upande wa Kusini

Asubuhi niliyoondoka Birmingham sikuwa nimepanga kuondoka. Niliamka katika chumba changu cha Northfield, nikachemsha chai, nikatazama nje nikaona theluji ya juzi imegeuka matope, nikajua sitakwenda kazini Longbridge siku ile wala siku nyingine. Ndivyo nilivyo tangu utotoni. Shule niliiacha Nakuru kwa namna hiyohiyo: nilikuwa njiani kwenda darasani, miguu ikakata kona nyingine. Nikatia nguo zangu katika begi, nikachukua gongo la hoki lililoegemea ukuta, nikalifunga kwa gazeti, nikashuka ngazi. Kituoni nilipanda basi la kwanza la masafa marefu lililokuwa na kiti cha dirishani. Dereva aliniuliza nashukia wapi. Nikamwambia mwisho.

Gongo lile halikuwa langu. Sijacheza hoki hata mara moja maishani. Nilipewa siku iliyotangulia na mtu niliyemjua miaka yote niliyokaa katika jiji lile, na kwa kuwa abiria aliyekaa kando yangu alilala tangu tulipotoka, njia nzima nilimwaza huyo aliyenipa gongo. Sote tulimwita Kocha. Jina lake lilikuwepo, ila alisema jina ni kitu cha pasipoti, na pasipoti ndiyo iliyomfikisha hapa, basi tuliache lipumzike.

Nilimpata kwa masikio. Ilikuwa Jumapili, miaka ya sitini inakaribia kwisha, nami nilikuwa mgeni mjini. Nilipita kando ya uwanja wa nyasi pale Northfield huku mvua ikinyesha ile mvua yao isiyo na haraka, nikasikia mtu akiwatukana watu kwa Kiswahili. Nilisimama kama niliyeitwa. Ndani ya ua kulikuwa na Wazungu wenye fulana za buluu na Kalasinga wenye fulana nyeupe, wote wamefika magotini kwa matope. Mstarini alisimama mzee wa makamo, mrefu, kilemba chake kimefunikwa mfuko wa nailoni, akimwambia winga wake kwamba punda wa Nairobi angekuwa ameshafika na mpira golini na kurudi kunywa maji.

Baadaye nilijua kwamba Kiswahili ndicho kilikuwa silaha yao. Wachezaji wake wote walitoka Nairobi, Kisumu na Kampala. Wakizungumza Kipunjabi, mara nyingine hukutana na timu ya watu waliotoka India moja kwa moja, siri ikavuja. Kiswahili hakikuwa na mwenyewe. Alipanga mashambulizi yote kwa sauti ya juu, refa akidhani mzee anasali. Mpango huo ulikufa siku moja kule Leicester. Alipomwagiza winga wake apite kushoto, golikipa wa upande wa pili, Kalasinga mnene mwenye ndevu nyeupe, alimjibu kwa utulivu kabisa kwamba apite tu, karibu, chai iko tayari. Alikuwa mtu wa Nakuru. Walifungwa siku hiyo, na Kocha alirudi na basi akicheka peke yake mpaka machozi.

Kiswahili chake kilikuwa cha karakana za reli na madukani. Hakikujua ngeli hata moja, lakini sikuwahi kuona mtu aliyepotea ndani yake.

"Wewe natoka wapi?" aliniuliza siku ile ya kwanza.

Nilipomwambia Nakuru, alitikisa kichwa kwa heshima.

"Nakuru iko vumbi mzuri."

Hakuna aliyewahi kuisifu nyumbani kwetu namna hiyo. Tangu Jumapili ile nilikuwa mtu wake. Nilichora mistari kwa chokaa, nilisukuma rola, nilibeba magongo. Na nilimuuliza maswali, maana kuuliza ndiyo kazi pekee niliyowahi kuifanya bila kuchoka.

Mtu huyu aliishi kwa miguu. Kabla ya mchezo alivua viatu na soksi, hata Januari, akautembea uwanja wote peku, taratibu, macho yamefumbwa nusu. Halafu alimimina maji ya bilauri chini na kuchuchumaa kuona ardhi inavyoyanywa. Kama maji yalikaa juu, aliwaambia vijana wapige ndefu. Kama yaliingia mara moja, aliwaambia wacheze fupi. Wapinzani walimcheka. Wake pia walimcheka, lakini walimtii. Msemo wake ulikuwa mmoja tu, na aliutumia kwa hoki, ndoa na siasa: "Mpira hapana danganya. Chini ndio nadanganya."

Alinieleza hivi. Nairobi walicheza juu ya maramu, ule udongo mwekundu wa changarawe ulioshindiliwa na kukaushwa na jua mpaka ukawa kama sahani. Mpira ulikimbia hapo bila kuruka. Mchezaji aliweza kuugandisha kwenye gongo, akaupeleka kulia, kushoto, kulia, kama mtu anayekoroga sukari, na beki asijue achukue wapi. Mji wenyewe uko juu milimani, hewa ni nyepesi, mpira uliopigwa juu huenda mbali na pafu la mgeni hukwama mapema. Miili yao ilijengwa na mambo hayo. Kisha wakaja Uingereza, wakaambiwa wacheze juu ya nyasi zilizolowa. Mpira ukaanza kurukaruka kama chura, ukakwama, ukakwepa. Wazungu hawakujali, wao walipiga kwa nguvu tangu ulipo mpaka uendapo, na nyasi ziliwasaidia. Baridi nayo iliingia kwenye mti. Gongo likigonga mpira mzito wa maji, mtetemo ulipanda vidoleni kama sindano. Kila Ijumaa alipaka magongo yote mafuta ya haradali na kuyaweka karibu na jiko, na bado yalipasuka.

Kwa hiyo aliamini jambo moja, na akawaaminisha wote: sisi hatujashindwa na watu, tumeshindwa na chini. Tukipata chini yetu, tutakuwa sisi tena.

Mtu anaweza kuliona hilo kuwa jambo dogo. Lakini wale vijana walikuwa makondakta wa mabasi, wachoma vyuma, wapokea mizigo. Kwao Nairobi walikuwa makarani na mafundi wenye heshima, na Jumapili watu walijazana kuwatazama. Huku walikuwa na ile saa moja na dakika kumi za Jumapili tu, na kila Jumapili nyasi ziliwanyang'anya. Walishaanza kunong'ona kuhusu Kanada. Mpwa wake Jaspal, winga wa kulia, aliyekuwa kondakta wa basi na mtu mwepesi kuliko wote niliowaona, alikwisha kumwambia waziwazi: mjomba, tukiendelea hivi mwaka ujao sitakuwepo. Kocha alimwomba asubiri uwanja aliokuwa akiliomba jiji.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Seremala wa reli kwa miaka mingi, aliyejivunia kwamba hajawahi kupima ubao mara mbili, lakini nyumbani kwake Handsworth milango yote ilikwaruza sakafu. Alifanya kazi katika kiwanda cha kuyeyusha chuma, akiokwa na joto kama mkate, kisha alikuja nyumbani na kulala dirisha likiwa wazi, huku akiilaani baridi. Kila kilicho kizuri alikiita cha Nairobi: ndizi ya Nairobi, viatu vya Nairobi, hata daktari mmoja wa Kiskoti alimwita daktari ya Nairobi. Lakini aliapa kwamba hatakanyaga tena kule. Nilimuuliza kwa nini. Akasema mtu akikutoa kwenye kiti, huwezi kurudi kuuliza kama kiti kizima.

Mkewe tulimwita Mama. Aliniita beta, yaani mwanangu, na kunilisha chapati bila kuniuliza kama nina njaa. Yeye ndiye aliyeniambia kwa nini Kocha alikuwa na wazimu wa kujenga jukwaa la watazamaji. Ujanani mwao, alisema, uwanja mkubwa waliochezea ulikuwa na jukwaa moja lenye paa, na jukwaa lile lilikuwa la Wazungu. Wahindi walisimama upande wa pili, kwenye jua. Yeye alikuwa ameolewa majuzi tu. Alimtazama mumewe akicheza mwaka baada ya mwaka na kitambaa chenye maji kichwani, na siku moja alizimia na kuokotwa na watu. Kocha alikuwa na mpira kwenye gongo. Aliona watu wakimbeba mkewe jua likimpiga usoni, na ng'ambo kulikuwa na viti vitupu kivulini. Usiku ule aliapa kwamba kuna siku Mama atakaa kivulini.

"Mimi nimesahau," Mama aliniambia. "Yeye hapana sahau. Wanaume nashika vitu ya ajabu."

Basi ukaja ule mwaka wa kiangazi kikali, kile ambacho wote waliokuwepo wanakikumbuka, mvua ilipokatika na nyasi za Uingereza nzima zikawa rangi ya ngozi ya simba. Kocha alikuwa kama mtu aliyepona. Uwanja wa Northfield ulikauka ukawa mgumu, mpira ukakimbia, na timu ikashinda hata michezo ya kirafiki isiyo na maana. Wazungu walijikinga kwa magazeti. Kocha alisema nchi hii sasa imerekebishwa.

Na ndani ya kiangazi hicho hicho, maombi yake ya miaka yakajibiwa. Kule Newtown nyumba kuukuu zilikuwa zimebomolewa na kujengwa maghorofa marefu, na kati ya maghorofa kulibaki kipande cha ardhi cha kifusi. Jiji likakubali kiwe uwanja wa michezo. Alitumwa kijana mmoja Mwingereza mchora ramani, mpole, mwenye ndevu chache, akae na wachezaji awasikilize. Nilikuwepo. Kocha alipata kila alichotaka: si nyasi, bali mawe mekundu yaliyochomwa na kusagwa, yakashindiliwa juu ya kokoto. Rangi ilikuwa ileile ya maramu. Aliposhika sampuli mkononi alinusa.

Kuhusu jukwaa tu ndipo walipobishana. Kijana alikuwa amelichora upande wa kaskazini, likitazama kusini. Kocha alicheka akaweka kidole juu ya karatasi. Watu wakae wakitazama jua? Akina mama wachomwe macho? Kijana alisema kwa upole kwamba hapa watu hupenda kulitazama jua. Kocha akamwonyesha nje, kwenye lile joto, wanawake wamejibanza ukutani. Akamwambia jua kwenu ni mgeni, hamjui kumkalisha. Sisi tumekaa naye. Wote tuliomzunguka tulitikisa vichwa kukubali, maana wote tulizaliwa mahali ambapo jua la saa sita linakaa utosini na kivuli cha ukuta hakizidi upana wa mkeka. Nani angewaza vingine? Kijana akafuta kwa raba, akachora jukwaa upande wa kusini, refu, la matofali, lenye paa. Kocha mwenyewe alitengeneza mabenchi yake. Hayakuyumba hata moja.

Vuli uwanja ulipofunguliwa, nitasema bila kuongeza chumvi, niliona furaha. Mpira uliimba juu ya mawe yale. Jaspal aliupeleka kulia, kushoto, kulia, mabeki wakianguka bila kuguswa. Nikaelewa yote niliyokuwa nimeelezwa. Upepo tu ndio uliokuwa wa ajabu. Uligonga kichwa cha ghorofa, ukashuka ukutani kama ndoo iliyomwagwa, ukazunguka uwanjani, hata mpira wa juu ulirudi ulikotoka. Kocha akasema vizuri, tucheze chini, ndivyo tunavyojua. Mama alikaa kivulini katikati ya benchi la mbele, amevaa koti na shali mbili. Kipindi cha pili niliona amehama. Alisimama ng'ambo, peke yake, upande wa kaskazini, kwenye kajua kadogo, blanketi mabegani. Kocha alimwona pia.

Desemba ndipo tulipojua.

Jua la Desemba kule halipandi. Linatambaa kusini juu ya mapaa kama mtu mwenye aibu, kisha linazama. Jukwaa likatupa kivuli chake uwanjani mpaka karibu ya nusu, na kivuli hicho hakikuondoka tangu asubuhi mpaka giza. Upande wa kaskazini mawe yalikuwa makavu, mekundu, mazuri. Upande wa kusini yalikuwa yameganda, juu yake ukoko wa barafu usioonekana. Ulikuwa uwanja mmoja wenye nchi mbili. Mpira ukitoka kwenye jua uliingia kivulini na kuteleza kama sabuni. Mchezaji aliyekuwa anakimbia alijikuta anaogelea. Wapinzani wakajifunza upesi kuliko sisi: walitusukumia kivulini, wakasubiri tuanguke. Chini yetu ikawa yao.

Kocha akamwaga chumvi. Barafu ikayeyuka, mawe yakawa uji mwekundu, na uji ule ukaganda usiku ukiwa umehifadhi kila unyayo, hata uwanja ukawa kama shamba lililolimwa. Akatandaza majani makavu. Akaja na vijana kukwangua kwa sepetu. Niliwahi kumkuta amelala kifudifudi kivulini, shavu chini, akisikiliza. Bado alivua viatu. Nyayo zake zilipasuka, na alipotembea aliacha alama nyekundu ambazo si za mawe.

Wachezaji walimwambia wasubiri Machi. Yeye akasema mchezo wa Jumapili uchezwe. Jaspal alikimbia na mpira kipindi cha pili, katika upande ule ambao winga wa kulia hukimbia chini ya jukwaa. Alitoka kwenye jua kwa kasi yake yote. Mguu ulioingia kivulini ulikwenda peke yake, na goti likabaki. Tulisikia mlio wa goti sote, mpaka wale waliokuwa juu kwenye roshani za ghorofa.

Hakucheza tena. Alipoweza kutembea alihamia Kanada na mkewe na watoto, wale watoto waliomwelewa Kocha kila neno na kumjibu kwa Kiingereza. Baada yake wakaondoka wawili, halafu watatu. Waliobaki walisema kazi, walisema mgongo. Majira ya baridi yaliyofuata yalikuwa mabaya kuliko ya kwanza. Timu nyingine zikakataa kuja. Lango likafungwa mnyororo, na ikasemekana pale patakuwa maegesho ya magari.

Siku moja kabla ya kuondoka nilikwenda Newtown. Ilikuwa mchana, jua limetoka. Uzio ulikuwa na tundu. Kocha alikuwa kwenye jukwaa na bisibisi, akifungua mabenchi yake, moja moja, na kupanga mbao vizuri kama zinazokwenda mahali. Alikuwa amezeeka ghafla, mashavu yameingia. Nilimsalimu. Nikamuuliza Mama hajambo. Akasema Mama hajambo, yuko nyumbani, amekaa dirishani.

Nilimsaidia kushika mbao. Kisha alikaa kwenye benchi la mwisho lililobaki, akaniashiria nikae, tukatazama uwanja. Mstari wa kivuli ulikuwa umekatwa sawasawa kama kwa msumeno, na ng'ambo yake mawe yaling'aa.

"Ile kijana ya ramani najua," alisema. "Nasema mimi pole pole, na mimi nacheka yeye."

Nikamwambia hakuna aliyejua, Kocha. Sote tulikubali.

"Miguu yangu najua kila chini. Juu mimi hapana tazama." Alizungusha bisibisi mkononi. "Mama nasema toka siku ya kwanza, hapa baridi. Mimi nafikiri nasema hivyo kwa sababu hapana zoea kukaa pahali ya wakubwa."

Akaweka bisibisi mfukoni.

"Nimeleta kivuli Ulaya, bwana. Mtu mzima. Watu naleta dhahabu, naleta kitambaa. Mimi naleta kivuli."

Nilingoja acheke, maana lilikuwa neno la kuchekesha, na miaka yote aliyacheka mambo yake mwenyewe. Hakucheka. Aliinuka, akachukua gongo la Jaspal lililokuwa nyuma ya mbao, lenye alama ya mafuta ya haradali mpaka mpini, akanipa. Nilisema mimi sichezi. Akasema ndiyo sababu, kwako halitavunjika. Kisha, bila kunitazama, akaniuliza kama nitaondoka, nami nilikuwa bado sijajua. Nilisema sijui.

"Wewe nitaondoka. Mguu yako nasema." Alirudi kwenye benchi lake na kuanza parafujo nyingine. "Huko, tafuta chumba iko na jua."

Basi lilifika mwisho wake alasiri, katika mji wa pwani ambao sikuwa nimewahi kuusikia. Upepo ulikuwa na chumvi. Nilitembea na begi na gongo langu mpaka nikaona kadi dirishani inayosema kuna chumba. Mwenye nyumba alikuwa bibi mfupi aliyevaa aproni. Alilitazama lile gongo, akauliza kama ni la kutembelea. Nikasema ndiyo.

Alinipandisha ghorofa ya tatu, akafungua mlango. Kitanda, kabati, zulia la maua mekundu, dirisha moja linalotazama ukuta. Alisimama katikati ya chumba akajivunia zulia lake. Alisema lina umri mkubwa kuliko mimi na halijafifia hata kidogo, kwa sababu chumba hiki, ashukuriwe Mungu, hakijapata kuingiwa na jua.

Niliegemeza gongo pembeni. Nikamwambia nitakichukua.